Duka la Chini, Vyumba vya Juu: Je, Umtoe Mpangaji Uliye Naye?

Ukipita Githurai, Rongai, Kisauni au Kondele utaziona ploti za aina hii kila kona. Chini kuna maduka yanayotazama barabara: nafaka, kinyozi, fundi wa simu. Juu au nyuma kuna vyumba vya watu kuishi. Mwenye ploti anapokea kodi ya maduka na ya vyumba kwa simu moja, na mara nyingi kwa namba moja.

Halafu siku moja anapigiwa simu. Kuna mtu anataka lile duka la katikati, na yuko tayari kulipa zaidi. Aliyepo analipa kidogo, tena anachelewa. Umtoe, au umwache?

Katika somo hili tutakuonyesha jinsi ya kulijibu swali hilo kwa hesabu na kwa sheria, wala si kwa hasira. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Badilisha namba uweke zako.

Mfano wetu

Ploti ina maduka 3 chini na vyumba 10 juu. Kila chumba ni Sh7,000 kwa mwezi. Duka la katikati linauza nafaka, kodi ni Sh18,000, na mpangaji amekaa hapo miaka 6. Dipositi yake ni ya mwezi mmoja. Kwa sasa anadaiwa Sh18,000 za mwezi wa Machi. Anayetaka kuingia ameahidi Sh25,000 kwa mwezi. Anataka kufungua baa.

Tofauti ni Sh7,000 kwa mwezi, yaani Sh84,000 kwa mwaka. Ukiishia hapo, jibu linaonekana rahisi. Usiishie hapo.

Hatua ya 1: Soma rekodi ya malipo, usitegemee kumbukumbu

Mtu akikukera mwezi huu, akili inakwambia amekuwa akikukera siku zote. Ndiyo maana tunasema anza na stetimenti. Itoe ya miezi 12, tafuta malipo ya huyo mpangaji, kisha andika tarehe ya kila malipo kwenye daftari.

Tuseme kodi ni kufikia tarehe 5, na daftari linakuonyesha hivi:

- Miezi 5 alilipa kwa wakati.
- Miezi 4 alilipa kati ya tarehe 6 na 20.
- Miezi 2 alilipa kwa awamu mbili, lakini akamaliza kabla ya mwezi kuisha.
- Mwezi 1 hajalipa.

Kwa mwaka mzima ulitarajia Sh216,000, ukapokea Sh198,000. Huyu si mpangaji mzuri sana, lakini pia si yule anayekula nyumba bure.

Sasa angalia ni miezi gani anachelewa. Kama ni Januari, Mei na Septemba, jibu unalo: shule zinafunguliwa, na karo inatangulia kodi. Kama Machi ndiyo hakulipa kabisa, na huo ndio mwezi mtaro ulichimbwa mbele ya duka wateja wakakosa pa kupita, hiyo nayo ina maana yake. Kuchelewa kwenye sababu inayojulikana ni tatizo la kupanga tarehe. Lakini kama kila mwezi anasogea nyuma siku mbili tatu, na sasa anabakisha deni, biashara yake inazama, na subira yako haitaiokoa.

Kama umekuwa ukipokea pesa taslimu mkononi, hatua hii itakushinda. Huna tarehe, una hadithi tu. Na hadithi yake itakuwa tofauti na yako.

Hatua ya 2: Hesabu gharama ya kubadilisha

Duka halihami kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine usiku mmoja. Kwa mfano wetu, weka hizi:

- Mwezi mmoja duka likiwa tupu: Sh18,000
- Rangi, mlango, nyaya za stima: Sh30,000
- Ajenti, nusu ya kodi mpya: Sh12,500

Jumla ni Sh60,500. Gawanya kwa ile Sh7,000 unayoongeza kila mwezi, unapata karibu miezi 9. Yaani kwa miezi 9 ya kwanza hujapata hata shilingi ya ziada. Unarudisha tu ulichotumia.

Sasa ongeza hali mbaya. Dipositi ya Sh18,000 inatosha kulipa deni la Machi peke yake. Kama mpangaji atakasirika na kukaa miezi 2 ya notisi bila kulipa, hizo ni Sh36,000 ambazo hakuna dipositi ya kuzifidia. Gharama inafika Sh96,500, na muda wa kuirudisha unafika karibu miezi 14. Baa yenyewe ikifungwa kabla ya miezi 14, umepata hasara.

Hatua ya 3: Panda ngazi, hesabu vyumba vya juu

Hapa ndipo ploti ya mchanganyiko inapotofautiana na jengo la maduka pekee. Mpangaji wa chini anaishi na wapangaji wa juu, hata kama hawasalimiani.

Duka la nafaka linafungwa saa mbili usiku. Baa ndiyo kwanza inachangamka. Muziki, kelele za saa tano, watu kukojoa kwenye ngazi, mama mwenye mtoto mchanga ghorofa ya kwanza asiyelala. Wapangaji wa vyumba hawatakuandikia barua ya malalamiko. Watahama tu, mmoja mmoja, mwisho wa mwezi.

Hesabu yake ni fupi. Chumba kimoja kikikaa tupu, unapoteza Sh7,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ziada yote uliyoahidiwa na baa, imeisha. Vyumba viwili vikikaa tupu, unarudi nyuma Sh7,000 kila mwezi, na zile gharama za Sh60,500 hazitarudi kamwe.

Kwa hivyo, kabla hujauliza "analipa ngapi?", uliza:

- Anafunga saa ngapi?
- Anatumia maji na stima kiasi gani, na mita ni yake peke yake?
- Moshi, harufu na takataka zitaenda wapi?
- Wateja wake watatumia choo gani?
- Ana leseni ya kazi hiyo, au anatarajia kuipata?

Kwa baa, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka iwe angalau mita 300 kutoka shule au taasisi ya watoto walio chini ya miaka 18, na leseni hutolewa na kaunti. Kuna shule ya chekechea nyuma ya ploti yako? Basi hiyo Sh25,000 ni ahadi tu, haiwezi kuwa kodi.

Linganisha na mtu mwingine. Tuseme mwenye duka la dawa anatoa Sh22,000. Ziada ni Sh4,000, na ukitumia gharama zile zile za Sh60,500 utazirudisha kwa miezi 15 hivi. Ni polepole zaidi, lakini vyumba vya juu vinabaki na watu. Anayetaja kodi kubwa si lazima awe ndiye atakayekuachia pesa nyingi.

Hatua ya 4: Jua sheria inasema nini kabla ya kusema "hama"

Wenye ploti wengi husema, "Huyu hatuna mkataba, naweza kumtoa wakati wowote." Ni kinyume kabisa.

Maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula zinalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Kama makubaliano yenu ni ya mdomo, au ni ya maandishi ya muda usiozidi miaka 5, mpangaji wako analindwa na sheria hiyo. Kukosa karatasi hakumwondolei haki, kunamwongezea. Na kwa sheria hiyo, duka ni mahali panapotumika kabisa au hasa kwa biashara ya kuuza au kutoa huduma kwa malipo. Kwa hivyo mtu mwenye duka mbele na kitanda nyuma ya pazia bado anaweza kuwa mpangaji wa duka.

Mambo ya msingi ni haya:

- Notisi iwe kwenye fomu maalum ya sheria. Ujumbe wa simu au maneno mbele ya mashahidi hayatoshi.
- Notisi haianzi kufanya kazi mpaka ipite angalau miezi 2 tangu mpangaji aipokee.
- Lazima iwe na sababu inayokubalika. Miongoni mwa hizo: kodi kukaa bila kulipwa miezi 2 baada ya siku yake, kuchelewa kulipa kwa kurudiarudia, kuvunja masharti kwa kiwango kikubwa, au wewe mwenyewe kutaka kubomoa na kujenga upya au kupatumia.
- "Nimepata anayelipa zaidi" haimo kwenye orodha hiyo.
- Kupandisha kodi nako kunahitaji notisi ya miezi isiyopungua 2.

Mpangaji asiyekubali anaweza kwenda kwa baraza la kesi za kodi za majengo ya biashara, linalojulikana kama BPRT. Mkifika huko, mtaulizwa tarehe. Stetimenti yako ya miezi 12 itasema mengi kuliko wewe.

Rudi kwenye mfano wetu. Huyu wa nafaka anadaiwa mwezi mmoja, na amechelewa miezi kadhaa. Sababu ya kumtoa inaweza kubishaniwa, haijakaa imara. Ukianza kesi hiyo ukiwa na mtu wa baa anayesubiri mlangoni, wewe ndiye utakayebanwa.

Na usijaribu njia ya mkato. Kuweka kufuli yako juu ya kufuli yake, kung'oa mlango, kukata stima au maji ili achoke aondoke, hiyo si notisi na inaweza kukugharimu fidia. Kuuza mali yake kwa ajili ya deni nako kuna utaratibu wake: ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, na kwa maduka yanayolindwa, baraza linapaswa kuruhusu kwanza.

Kwa vyumba vya kuishi sheria ni nyingine. Vile vya kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi vina sheria yao ya kudhibiti kodi. Vya juu ya hapo vinafuata makubaliano yenu pamoja na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Ploti ni moja, lakini notisi ya chini na ya juu si moja.

Hatua ya 5: Zungumza naye, ukiwa na daftari mkononi

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya notisi, kaa na mpangaji. Mtumie ujumbe wa heshima ulio na namba, kwa mfano:

*"Habari yako mama. Rekodi ya malipo inaonyesha duka D2 lina salio la Sh18,000 la mwezi wa Machi. Naomba tuonane Jumamosi saa nne asubuhi hapo dukani tupange jinsi ya kulimaliza. Hii si notisi ya kuhama. Asante."*

Ile sentensi ya "hii si notisi" ina kazi. Mtu anayeogopa kufukuzwa huanza kuficha pesa badala ya kukulipa.

Mkikutana, mpe mpango unaolingana na jinsi pesa zinavyomfikia. Duka la nafaka linauza kila siku. Pesa haziji mwisho wa mwezi kama mshahara. Anaweza kulipa Sh4,500 kila wiki, na kwa wiki 4 kodi ya Sh18,000 imetimia. Deni la Machi mligawanye kwa miezi 6, Sh3,000 kila mwezi. Andikeni, mtie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala.

Mpe miezi 3 ya kuangaliwa. Akishika mpango, unaweza baadaye kumpa notisi halali ya kupandisha kodi hadi Sh20,000. Hiyo ni Sh24,000 zaidi kwa mwaka, bila mwezi mtupu, bila rangi, bila ajenti. Asiposhika, sasa una rekodi inayoonyesha kwamba alipewa nafasi. Notisi yako imekuwa na miguu.

Hatua ya 6: Ukiamua kubadilisha, fanya kwa mpangilio

Wakati mwingine kubadilisha ndio uamuzi sahihi. Kodi haijalipwa miezi 2 na zaidi, amepangisha mtu mwingine bila idhini yako, anaharibu jengo, au anafukuza wapangaji wa juu. Hapo usivute muda. Lakini:

1. Usipokee pesa ya anayekuja kabla aliyepo hajaondoka. Hata "ya kushikia nafasi" usiipokee. Baraza likisimamisha notisi, utakuwa na watu wawili wenye haki ya kukudai kwa duka moja.
2. Weka dipositi kando. Ifungulie akaunti yake ya akiba kwenye simu au benki. Dipositi iliyoliwa ndiyo huchelewesha mpangaji kutoka, kwa sababu anasubiri pesa ambazo huna.
3. Kagua duka mkiwa wote wawili, piga picha, andikeni kinachokatwa na sababu yake. Kisha rudisha salio kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mpangaji mwenyewe, si ya shemeji yake.
4. Mpe kila mlango namba yake ya akaunti. Maduka D1 hadi D3, vyumba V1 hadi V10. Malipo yakiingia, unajua ya nani bila kupiga simu.
5. Amini salio lako, usiamini meseji aliyokutumia mtu. Picha ya ujumbe wa malipo inaweza kutengenezwa. Angalia akaunti yako kabla ya kutoa ufunguo.
6. Usimpe keateka PIN yako, hata akiwa wa ukoo. Anachohitaji ni kujua nani amelipa. Hilo unaweza kumtumia.

Neno kuhusu ushuru

Kutenganisha malipo kunakusaidia pia na KRA. Kodi ya vyumba vya kuishi, ukiwa unapata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 ya jumla unayopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024. Kwa vyumba 10 vya mfano wetu hiyo ni Sh5,250 kwa mwezi vikijaa vyote. Kodi ya maduka haimo humo. Inaingia kwenye ritani yako ya kila mwaka. Ukizichanganya kwenye namba moja bila alama, utalipa kwa kukisia.

Na kama wewe ndiye mpangaji?

Somo hili linakuhusu vilevile. Lipa kwa namba yako mwenyewe, andika namba ya akaunti ya duka sawasawa, na hifadhi ujumbe wa kila malipo. Ukijua mwezi ujao ni wa karo, sema mapema, usingoje kutafutwa.

Ukipewa notisi halali, usiiweke chini ya mizani ukasahau. Mjibu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au hukubali. Kama hukubali, peleka suala kwa baraza kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukinyamaza mpaka tarehe ipite, notisi inafanya kazi, hata kama sababu yake ilikuwa dhaifu. Miaka 6 ya kujenga wateja inaweza kupotea hivyo, kwa kukosa kujibu karatasi moja.

Jipime

Kabla hujampigia simu yule aliyeahidi zaidi, jibu haya kwa namba, si kwa hisia:

1. Katika miezi 12, mpangaji wangu alilipa miezi mingapi kwa wakati, na alichelewa miezi gani?
2. Kumbadilisha kutanigharimu kiasi gani kwa jumla, na ziada itarudisha gharama hiyo baada ya miezi mingapi?
3. Ni vyumba vingapi vya juu vikikaa tupu ndipo ziada yote inaisha?
4. Nina sababu inayokubalika kisheria, na rekodi ya kuithibitisha?
5. Je, nimempa aliyepo mpango wa maandishi?

Ukiwa na majibu yote 5 na bado hesabu inasema abadilishwe, mbadilishe bila wasiwasi. Ukikosa hata moja, toa stetimenti leo jioni, chukua kalamu, uanze na swali la kwanza.